Mwenye duka hapewi barua ya kustaafu

Na Mwandishi Wetu, Makambako

MFANYAKAZI wa Serikali anaijua siku yake ya mwisho ofisini tangu siku anaposaini ajira. Kwa kada nyingi sheria inamruhusu kuondoka kwa hiari akitimiza miaka 55, na inamwondoa kwa lazima akitimiza 60. Mwenye duka la jumla hapa Makambako, mnunuzi wa viazi wa Njombe mjini au mwenye Fuso mbili za kusomba mbao hana tarehe ya namna hiyo. Hakuna ofisa utumishi atakayemwandikia barua. Anaendelea mpaka magoti yakatae, au mpaka kijana aliyetumwa Dar es Salaam na mzigo arudi na hasara, ndipo familia ikae kikao.

Kwa mji kama Makambako hili si jambo dogo. Mji umekuzwa na biashara. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake hapa. Kijana aliyefungua kibanda chake katikati ya miaka ya 1980, Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya biashara, leo amevuka miaka 60. Kizazi hicho kinafika uzeeni bila mfano wa kuiga, kwa sababu wazazi wake wengi walikuwa wakulima, na mkulima hakustaafu, alipunguza shamba.

Mazungumzo mengi ya akiba ya uzeeni huanza na swali la kiasi: niweke shilingi ngapi? Kwa mfanyabiashara, safu hii inaona kwamba swali la kwanza ni mwaka: nitaliacha duka mwaka gani? Mwaka huo ukishaandikwa kwenye daftari, kila mali inaweza kupimwa nao. Mti, kipande cha mfuko wa uwekezaji, hatifungani na mchango wa NSSF, kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Mwaka usipoandikwa, vyote huonekana vizuri na hakuna kinachofika kwa wakati.

MITI NA MAKARATASI

Ukimwuliza mzee wa Njombe pensheni yake iko wapi, usishangae akinyoosha mkono kuelekea mlimani, kwenye misindano. Vijana waliosoma biashara (mwandishi akiwamo) hupenda kusema kwamba huko ni kukosa elimu ya fedha. Tusiharakishe.

Katika miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990 bei za bidhaa nchini zilipanda kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30. Kwa kasi hiyo bei huongezeka maradufu katika muda usiotimia miaka mitatu. Mfanyakazi aliyekuwa akichangia NPF, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, alilipwa fedha zake kwa mkupuo alipomaliza kazi, na mkupuo huo ulinunua sehemu ndogo tu ya kile ambacho fedha zile zingenunua alipokuwa akizikatwa. Aliyeweka kwenye kitabu cha akiba benki naye hakupona. Mti haukujua habari za mfumuko, uliendelea kunenepa. Isitoshe, Njombe walikwisha kuuona mti ukigeuka fedha tangu kampuni ya miwati, TANWAT, ilipoanzishwa mwaka 1949.

Kwa hiyo hofu ya mzee ilikuwa na hesabu yake. Tatizo ni kwamba mwanawe ameirithi hofu bila kurithi sababu. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. NPF ilikwisha kugeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, na badala ya mkupuo mtupu inalipa pensheni ya kila mwezi kwa anayetimiza masharti.

Hata hivyo Njombe ina jeraha jingine la karibu zaidi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Pamoja na Covenant, Efatha, Meru na Kagera, ilikuwamo Njombe Community Bank. Bodi ya Bima ya Amana ndiyo iliyopewa kazi ya ufilisi.

Hapo ndipo wengi walipojifunza maana ya kinga ya amana. Wakati huo kiwango cha juu kilichokingwa kilikuwa Sh. 1,500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Mwenye Sh. 900,000 alikingwa zote. Mwenye Sh. 8,000,000, tuseme mauzo ya msimu pamoja na akiba ya miaka kadhaa, alikingwa Sh. 1,500,000 tu, na Sh. 6,500,000 zilizobaki zikategemea kitakachopatikana kwa kukusanya madeni na kuuza mali za benki. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh. 7,500,000. Ni nafuu kubwa, lakini mfanyabiashara anayelala na Sh. milioni 20 katika akaunti moja bado ana Sh. milioni 12.5 zisizo na kinga. Kuzigawa katika benki mbili au tatu hakuna gharama zaidi ya nauli na makato ya akaunti.

Tofauti moja isisahaulike. Benki ile ilikuwa na leseni na wenye amana walikuwa na pa kwenda kudai. Waliopeleka fedha DECI, mchezo wa “kupanda mbegu” uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009, hawakuwa na bima wala msimamizi. Michezo ya aina hiyo hurudi kila baada ya miaka michache ikiwa na jina jipya, na humvutia zaidi mtu wa miaka 55 aliyegundua kwamba amechelewa.

HESABU YA KURUDI NYUMA

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa viazi mwenye miaka 42 ambaye ameamua kuacha akiwa na 60. Ana miaka 18. Akiweka Sh. 50,000 kila mwezi mahali panapompa asilimia 10 kwa mwaka, na asiiguse faida, atamaliza na Sh. milioni 30 hivi. Fedha alizotoa mfukoni ni Sh. 10,800,000 tu, zilizobaki ni faida iliyozaa faida.

Mwenzake anaweka Sh. 50,000 zile zile, mahali pale pale, lakini anaanza akiwa na miaka 50. Akifika 60 atakuwa na Sh. milioni 10.2. Amechelewa miaka minane, amepata theluthi moja. Ili amfikie mwenzake angelazimika kuweka karibu Sh. 147,000 kila mwezi, katika umri ambao watoto wako vyuoni.

Asilimia 10 ni mfano wa hesabu, si ahadi ya mtu. Pia bei hazitasimama. Zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, zile Sh. milioni 30 baada ya miaka 18 zitanunua kinachonunuliwa leo kwa Sh. milioni 14.8. Mwenye duka anaielewa hesabu hii kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo ile ile ya kuuza mzigo wa zamani kwa bei ya zamani halafu ukashindwa kuurudisha.

Zilipwe kwa miaka mingapi? Anayeacha kazi na miaka 60 ajipangie walau miaka 20 mbele. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wenye miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi bila kujali kama waliajiriwa. Kwa mzee wa Makambako hilo bado ni habari ya ng’ambo ya bahari.

KILA MALI NA UMRI WAKE

Tuanze na miti, kwa kuwa ndiyo iliyo moyoni mwa wengi. Msindano unaotakiwa kutoa mbao nzuri unahitaji miaka 18 hadi 25. Anayepanda akiwa na miaka 40 anavuna akiwa na 60. Anayepanda akiwa na 55 anawapandia wajukuu, na si vibaya, ila asiuandike mti huo kwenye hesabu ya kula yake. Milingoti hukua upesi zaidi, hasa kwa nguzo na kuni.

Kinachowaumiza wengi si muda wa mti bali muda wa shida. Ada ya shule inakuja, msiba unakuja, mnunuzi mwenye mashine ya dingdong anapita na fedha taslimu, na shamba la miaka tisa linauzwa likiwa limesimama. Mti uliouzwa namna hiyo haukuwa pensheni. Ulikuwa akaunti ya dharura, tena yenye malipo mabaya, kwa sababu miaka inayouongezea mti ubao ndiyo ile ya mwishoni ambayo hukuisubiri. Mwenye miti anahitaji fedha nyingine ndogo, ya kuchukuliwa upesi, ili miti iachwe. Kazi hiyo kikoba au SACCOS inaiweza vizuri kuliko benki.

Vile vile kupanda ekari tano kwa mwaka mmoja ni kuzivuna zote mwaka mmoja, na kama bei ya mbao imelala mwaka huo, imelala na uzee wako. Ekari moja kila mwaka kwa miaka mitano hutoa mavuno yanayofuatana kama mishahara. Kisha kuna moto wa kiangazi, ambao hauchagui shamba la aliyefyeka barabara ya kuzuia moto kama jirani yake hakufyeka. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ulihimiza wakulima wa nyanda hizi wajiunge katika vikundi, na ulinzi wa moto ni mahali ambapo kikundi kinaonekana faida yake mara moja. Na ardhi iwe na karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Makubaliano ya mdomo na mwenye shamba aliyekwisha kufariki hayavuni mti.

Parachichi za Hass ndizo kelele ya sasa Njombe, na kwa anayefikiria uzee zina sifa ambayo mbao hazina: zinalipa kila mwaka. Mche uliobebeshwa huanza kutoa matunda mwaka wa tatu au wa nne na mti hudumu kwa miongo. Soko la Ulaya lilikwisha kuzoeleka, na Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini kufungua soko la huko. Lakini tunda la kuuzwa nje linataka palizi, maji, dawa na mkono wa kuchuma kwa uangalifu. Mzee wa miaka 70 hatapanda ngazi. Ni lazima aweke kwenye hesabu ujira wa kijana, na abakiwe na kitu.

Sasa makaratasi. Hatifungani za Serikali za muda mrefu zinanunuliwa kuanzia Sh. 1,000,000 kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Zipo za miaka 20, na tangu 2021 zipo za miaka 25. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya zile za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na za miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Viwango vya matoleo mapya vimebadilika tena tangu hapo, lakini angalia maana ya tukio lile: aliyekuwa ameshanunua kwa 15.49 anaendelea kulipwa 15.49 hadi mwisho wa muda wake. Kwa Sh. milioni 10, huyo anapata Sh. 774,500 kila nusu mwaka, na aliyechelewa mwezi mmoja anapata Sh. 605,000.

Kwa mtu anayeacha duka, karatasi hiyo inafanana sana na pensheni. Ina kasoro moja ambayo madalali hawaitangazi. Riba haiongezeki bei zinapopanda, na ule mtaji wa Sh. milioni 10 utakaporudi baada ya miaka 20, kwa mfumuko wa asilimia 4, utanunua kinachonunuliwa leo kwa Sh. milioni 4.6. Kwa hiyo asiile riba yote.

Asiye na milioni moja kwa mkupuo anaweza kuanza na vipande vya UTT, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2003. Mfuko wake wa Umoja ulifunguliwa 2005, na Jikimu, unaolenga wanaotaka gawio la mara kwa mara, 2008. Vipande vinaweza kuuzwa bila kumsubiri mnunuzi wa mitaani, ila bei yake hupanda na kushuka. Hisa katika Soko la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua Aprili 1998, zinamfaa zaidi mwenye miaka 35 kuliko mwenye 58, kwa sababu wa kwanza ana muda wa kusubiri soko lililoanguka linyanyuke.

NSSF nayo inawapokea waliojiajiri. Wengi hawajui kwamba pensheni ya uzee ya mfuko huo inadai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Piga hesabu ya kurudi nyuma: anayetaka kuipata akiwa na miaka 60 inabidi awe ameanza kabla hajavuka 45, na asiwe na mapengo. Kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, uliza dirishani mpango unaojiunga nao unahesabuje miezi hiyo, na unalipa nini kwa atakayeshindwa kuitimiza.

Nyumba za kupangisha tunazipita haraka, si kwa ubaya. Ni mali nzuri kama imekamilika. Msingi uliosimama kwa miaka kumi haulipi kodi.

DUKA LENYEWE

Wafanyabiashara wengi wakijumlisha mali yao huanza na mzigo uliomo dukani. Hapo ndipo hesabu inapodanganya. Mzigo wa Sh. milioni 25 una thamani hiyo katika duka linaloendelea. Siku ikijulikana kwamba mzee anafunga, wanunuzi huja na bei zao. Mali kauli ndiyo mbaya zaidi. Mteja wa kijijini aliyekuwa akilipa deni ili akopeshwe tena hana sababu ya kulipa kama hakuna tena, na daftari la madeni la duka lililofungwa halikubaliki benki wala sokoni.

Hivyo mwenye kutaka kuacha akiwa na 60 aanze kulipunguza duka akiwa na 55. Mwaka wa kwanza asitishe mali kauli mpya. Miaka miwili inayofuata akusanye ya zamani, na kila deni linalolipwa lisirudi kwenye rafu; liende kwenye hatifungani au vipande. Fuso iuzwe ikiwa bado inatembea. Kama mtoto ndiye atakayelichukua duka, basi alinunue, hata kwa malipo madogo ya kila mwezi, na leseni na namba ya mlipa kodi viwe vyake mzazi angali hai. Tumezoea kuona aibu kumwuzia mtoto. Lakini mtoto aliyepewa duka bure na kuambiwa “utatutunza” amepewa deni lisilo na kiasi wala mwisho, na wadogo zake wana hesabu yao tofauti kuhusu lile duka lilikuwa la nani.

Mfanyabiashara mwenye mwenzi mwalimu au muuguzi asitegemee kiinua mgongo kizibe pengo lote. Tangu Julai 2022 kanuni ilikuwa asilimia 33 ya mafao hulipwa kwa mkupuo na iliyobaki kidogo kidogo kila mwezi. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa chini ya utaratibu wa zamani wa asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Anayepanga kuongeza mtaji wa duka kwa fedha hizo aulize kwanza yuko kundi gani. Na kwa maoni ya safu hii, mtu wa miaka 60 kuingiza mkupuo wake wote katika biashara ya viazi ambayo hajawahi kuifanya ni kuununua mkosi wa mwenzake.

Linabaki suala la lini kuweka. Mapato ya huku hayaji kwa mwezi, yanakuja kwa msimu: viazi vinapopakiwa, au malipo ya mahindi yanapotoka NFRA, ambayo ina kanda yake hapa Makambako. Anayeshindwa kutoa Sh. 50,000 mwezi Februari anaweza kutoa Sh. 600,000 kwa mara moja wakati wa mavuno, na hesabu ya mwaka ikawa ile ile. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, fedha zikakutana na sikukuu kisha ada za Januari. Kikundi kinachotaka kuweka kwa ajili ya uzee kinaweza kukubaliana kuvunja mwezi mwingine, ama kuacha theluthi moja bila kuigawa. UTT hupokea fedha mwaka mzima. Hatifungani huuzwa kwa mnada, na kalenda ya minada hutangazwa na Benki Kuu mapema, hivyo mwenye mzigo wa viazi unaotoka wiki hii anaweza kujua leo mnada wa miaka 20 unaofuata ni lini.